Koti Jekundu la Gofu "la Mwaka 1785": Nilipe au Niache?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume na baba wa watoto watatu, na kwa sasa tunaishi Dundee, Uskoti, ambako ninafanya kazi ya uuguzi. Tangu tulipohamia huku nimekuwa nikikusanya mavazi ya kale ya mchezo wa gofu. Mji wa St Andrews hauko mbali nasi, na katika maduka ya mitumba na minada midogo ya maeneo haya mtu mwenye subira hukutana na nguo ambazo warithi wake wanaziona kuwa mzigo tu wa kabati la marehemu. Hadi leo nina koti la Norfolk la twidi lenye mikunjo kifuani na mkanda wa kitambaa kile kile, kaptura mbili pana za sufu zinazoning'inia chini ya magoti, sweta la Fair Isle (la sufu lenye mapambo ya rangi mbalimbali) lililotiwa viraka kwenye viwiko, na bleza kadhaa zenye nembo za klabu.

Majuzi muuzaji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza alinitumia picha za koti jekundu ambalo anasema lilivaliwa na nahodha wa klabu ya St Andrews mwaka 1785. Anataka pauni 1,900, na anataka nusu yake iingie benki kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwa sababu, kwa maneno yake, kuna Mmarekani anayelisubiri. Koti ni la sufu nzito, limepauka mabegani, na ukosi wake ni wa mahameli ya buluu iliyokolea. Lina vifungo sita vya shaba vyenye taji na chini yake fimbo mbili zilizopishana, ingawa kimoja kinang'aa zaidi kuliko vingine. Bitana ya mikononi ni nyeupe yenye mistari myembamba ya buluu. Ndani, upande wa kifuani, kuna mfuko, na juu ya mfuko huo kuna alama ya mstatili ambapo kitambaa hakijapauka, pamoja na vitundu vidogo vya sindano. Nilipomuuliza muuzaji alisema hapo palikuwa na lebo iliyodondoka kwa uzee.

Fedha hizo zipo, lakini ziko katika akiba yangu na mke wangu kwa ajili ya kiwanja tunachotaka kununua Kilifi. Mke wangu hajawahi kuupinga ukusanyaji wangu moja kwa moja, ila majira ya baridi yaliyopita nondo waliingia katika kabati letu wakala koti lake la sufu na shali aliyoletewa na mama yake, na tangu hapo neno "koti" likitajwa nyumbani hali ya hewa hubadilika. Tumekubaliana jambo moja: tukuandikie, tueleze kila kitu bila kuficha, na jibu lako tulifuate sote wawili.

Kaka yangu mkubwa aliye Mombasa ana lake. Babu yetu alikuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya wacheza gofu, huko enzi za ukoloni, na kaka ananiuliza kila tunapozungumza kwa simu kwa nini ninahifadhi nguo za watu waliombebesha babu yangu mikoba yao. Sijapata jibu la kumridhisha.

Mwisho, kuna mashindano ya kila mwaka ambayo watu huchezea fimbo za kizamani za mti wa hikori wakiwa wamevaa mavazi ya zamani. Je, nikilinunua koti hilo naweza kulifua na kulivaa huko?

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa Dundee

JIBU

Marahaba, mwanangu, nawe mwenzake unayesoma pembeni, marahaba pia.

Kwa kuwa mmeahidiana kulifuata jibu langu, naliweka mwanzoni lisije likapotea katikati ya maelezo. Usilipe pauni 1,900, wala usitume hata senti moja kabla ya Ijumaa. Koti hilo, kwa jinsi ulivyolieleza wewe mwenyewe, si la mwaka 1785, na kulitofautisha na koti la mwaka 1785 hakuhitaji maabara. Hata hivyo sisemi kwamba ni takataka. Huenda likawa koti zuri la gofu la robo ya mwisho ya karne ya 19 au miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na koti la namna hiyo lina nafasi katika mkusanyiko wako kwa bei inayolistahili.

Muuzaji wako hakuuchagua mwaka huo ovyo. Gofu ya kiungwana ya karne ya 18 ilikuwa kweli ni mchezo wa makoti mekundu. Waungwana waliocheza Leith, karibu na Edinburgh, walipata fimbo ya fedha ya kushindaniwa mwaka 1744 na wakaandika kanuni 13 mwaka huo huo. Wenzao wa St Andrews wakaunda chama chao mwaka 1754. Vyama hivi havikuwa na viwanja vya kujitenga. Vilicheza kwenye ardhi ya wazi ya umma, mahali ambapo watu walipita, walichunga mifugo na kuanika nguo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba rangi nyekundu iliwatahadharisha wapita njia kuwa mpira unaweza kuwafikia. Desturi hiyo haijafa kabisa: katika uwanja wa Wimbledon Common, London, mchezaji anatakiwa hadi leo kuvaa vazi jekundu la juu kwa sababu watembea kwa miguu wana haki sawa na yake ya kuwa pale. Kumbukumbu za chama cha St Andrews zinaonyesha kwamba mwaka 1780 wanachama waliona makoti yao yamechakaa na wakaamua yashonwe mapya, mekundu yenye vifungo vya njano. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuza koti jekundu kwa bei kubwa anajua vizuri kwamba miaka ya 1780 itaingia masikioni mwa mkusanyaji kama wimbo anaoufahamu.

Ukitaka kuona koti halisi la wakati huo lilivyokuwa, tafuta mchoro wa William Innes, nahodha wa wacheza gofu wa Blackheath, London, uliochorwa na Lemuel Francis Abbott na kuchapishwa kwa nakshi ya Valentine Green mwaka 1790. Nakala zake zimesambaa sana na utaipata kwa urahisi. Innes amesimama na fimbo begani, amevaa koti jekundu ambalo mbele limekatwa likarudi nyuma kutoka kifuani kwenda chini, likiacha kizibao cha ndani na kaptura ya kubana vionekane, na nyuma likashuka hadi karibu na magoti. Mikono ya makoti ya wakati ule ilikuwa myembamba, iliyopinda kidogo kwenye kiwiko, na mabega yalikaa nyuma zaidi kuliko tulivyozoea, hata mtu akilivaa leo anajikuta amesukuma kifua mbele. Sasa rudi kwenye picha zako. Je, koti lako lina mikia mirefu nyuma, au linaishia kiunoni au nyongani kama jaketi la suti? Kama ni la pili, tumekwisha kulitoa katika karne ya 18 bila hata kuligeuza.

Lakini kuligeuza ndiko kunakofurahisha, na ndiko ninakokutaka ujifunze, kwa sababu nguo ya kale husema ukweli zaidi upande ambao mvaaji hakutarajia watu wauone.

Anza na ile alama ya mstatili juu ya mfuko wa ndani. Muuzaji anakwambia lebo ilidondoka kwa uzee. Mimi ninaona vitundu vya sindano vilivyobaki na kitambaa kilichohifadhika chini yake, na ninasema lebo ilikaa pale miaka mingi, kisha ama ilichakaa au kuna mtu aliyeifumua. Vyovyote iwavyo, kuwepo kwake kunalipinga dai lake, kwani lebo za mafundi zinazoshonewa ndani ya nguo ni jambo la karne ya 19, na zilienea hasa nusu yake ya pili. Koti la mwaka 1785 halikuwa na lebo ya kudondoka. Isitoshe, mafundi wa Uingereza walikuwa na mazoea mazuri ya kuweka lebo katika mfuko wa ndani na kuandika juu yake kwa wino jina la mteja na tarehe. Lebo kama hiyo ni sawa na cheti cha kuzaliwa, na mtu anayeuza nguo kwa hadithi badala ya tarehe ndiye mwenye sababu ya kuiondoa. Sisemi huyu ameiondoa yeye. Huenda ilitoka miaka 60 iliyopita. Muulize tu kama bado anayo, na usikilize anavyojibu.

Bitana ya mikononi inathibitisha hilo hilo. Kitambaa cheupe chenye mistari myembamba ni alama inayofahamika sana ya makoti ya kiume ya Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 19 na karne ya 20, na hata bleza zako zenye nembo, ukizichungulia mikononi, huenda zikakuonyesha ndugu zake.

Kisha kuna mishono. Mashine za kushona zilianza kuwa bidhaa ya kawaida katika miaka ya 1850, baada ya hataza ya Elias Howe ya mwaka 1846 na mashine ya Isaac Singer ya mwaka 1851. Mwombe muuzaji picha ya karibu ya mshono mrefu wa ndani ya mkono na wa chini ya kwapa, ikiwa na rula pembeni. Mshono wa cherehani una hatua zinazolingana na nyuzi mbili zinazokutana. Wa mkono hubadilika kidogo kila inchi hata kwa fundi hodari. Ukiona cherehani, mwaka 1785 umefutika. Ukiona mkono, usishangilie, kwa maana mafundi wazuri waliendelea kushona kola, vitundu vya vifungo na hata mabega kwa mkono muda mrefu baada ya cherehani kuingia, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo.

Nimeacha vifungo hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndivyo vinavyowapumbaza wengi. Kifungo ndicho sehemu ya koti iliyo rahisi zaidi kubadilisha. Koti jekundu la kuwindia mbweha likivuliwa vifungo vyake na kuvishwa vyenye fimbo za gofu, mtu asiye na uzoefu hataona tofauti, na makoti ya kuwindia ni mengi Uingereza kuliko ya gofu. Vivyo hivyo majaketi mekundu ya maafisa wa jeshi ya kuvaliwa kwenye chakula cha jioni, ingawa haya hutambulika kwa ufupi wao. Kwa hiyo angalia chini ya kila kifungo. Kifungo kilichokaa mahali pake miaka 100 huacha duara la rangi isiyopauka linalolingana nacho. Likiwa kubwa kuliko kifungo, au kukiwa na vitundu vya nyuzi za zamani pembeni, kuna kifungo kingine kilichotangulia. Kile kimoja kinachong'aa zaidi huenda ni mbadala wa haki uliowekwa baada ya cha asili kupotea, jambo la kawaida kwa nguo iliyovaliwa. Vile vitano vingine ndivyo ninavyovitilia shaka mpaka nione migongo yake, kwa sababu mafundi wa vifungo waligonga majina yao nyuma, na jina hilo likisomeka linaweza kukupa kipindi chake.

Na hilo taji. Klabu ya kwanza ya gofu kuruhusiwa kujiita ya kifalme ilikuwa ya Perth, mwaka 1833, na chama cha St Andrews kikapewa heshima hiyo na Mfalme William wa Nne mwaka 1834. Kwa hiyo kifungo chenye taji, kikidaiwa kuwa cha klabu ya St Andrews, hakina kazi ya kufanya kwenye koti la mwaka 1785. Sijui kama muuzaji wako alilijua hilo alipokutumia picha, lakini wewe sasa unalijua.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho wauzaji hawakipendi. Chukua tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, na ulimulike koti gizani. Dawa za kung'arisha weupe zilianza kutiwa katika vitambaa, nyuzi na sabuni za kufulia hasa kuanzia miaka ya 1940, na chini ya mwanga huo hutoa mwako mweupe wa kibuluu. Uzi unaowaka hivyo kwenye vifungo tu unakuambia vifungo vilishonwa upya juzijuzi. Bitana yote ikiwaka, huenda nguo ni ya karne ya 20, au huenda ni ya kale lakini mtu aliifua kwa sabuni ya kisasa. Hapo kipimo hakikati shauri peke yake na inabidi ukirudishe kwenye mishono. Rangi nyekundu yenyewe haitakusaidia kwa macho, kwani ile ya mizizi na wadudu na ile ya viwandani iliyokuja baada ya mwaka 1869 zinaweza kufanana kabisa.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa namwambia mama watoto kwamba ana haki ya kuuliza kila anachouliza. Muuzaji anayekupa siku chache na kukutajia mnunuzi wa ng'ambo anauza haraka kwanza na koti baadaye. Koti hilo likiwa limedumu zaidi ya miaka 100 haliwezi kuharibika kwa sababu umechelewa wiki mbili. Mwandikie kwa adabu kwamba unapenda kulinunua kama koti la gofu la mwishoni mwa karne ya 19, kwamba utakuja kulitazama mwenyewe kwa treni, na kwamba utalipa baada ya kuligeuza nje ndani mbele yake, kwa risiti inayotaja anachodai kuuza, yaani maneno "la mwaka 1785" yaandikwe na yeye kama bado anayaamini. Utashangaa jinsi kalamu inavyompunguzia mtu imani.

Kuhusu kiasi, sitakupangia bei ya kitu ambacho sijakishika, ila nakushauri mkae wote wawili mweke kikomo kinachotoka katika matumizi yenu ya mwezi, si katika fedha ya kiwanja. Kiwanja cha Kilifi huenda kikapanda bei. Koti jekundu lisilo na jina la mvaaji haliahidi hivyo. Na ukitaka kujua jina la mvaaji linabadilisha nini, tazama yale makoti ya kijani ya klabu ya Augusta National, Marekani, yaliyoanza kuvaliwa na wanachama mwaka 1937 na kupewa mshindi wa mashindano yao kuanzia Sam Snead mwaka 1949. Koti la Horton Smith, mshindi wa kwanza wa mashindano hayo mwaka 1934, lililokaa miaka mingi katika kabati la jamaa zake, liliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola 682,000. Koti jingine la klabu hiyo hiyo, ambalo mwanachama aliyelivaa hakujulikana, lilinunuliwa mwaka 1994 katika duka la mitumba la Toronto kwa dola 5 na likauzwa mwaka 2017 kwa zaidi ya dola 139,000. Bado ni fedha nyingi mno, ninakiri, lakini tazama pengo kati ya koti lenye mtu na koti lisilo na mtu, na ukumbuke kwamba hata hilo la pili klabu ilithibitisha kuwa ni lake. La kwako kwa sasa halina mtu wala klabu iliyothibitisha.

Mkasa wa Augusta una funzo jingine ambalo wakusanyaji wa bleza hulisahau. Mshindi huruhusiwa kwenda nyumbani na koti lake kwa mwaka mmoja tu, kisha hulirudisha na likawa linakaa klabuni, na mwaka 2017 klabu ilikwenda mahakamani kuzuia makoti kadhaa yasiuzwe ikidai bado ni mali yake. Makoti mekundu ya Uskoti kwa kawaida kila mwanachama alijishonea kwa fundi wake, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo kwako, lakini kabla hujanunua bleza yoyote ya nahodha au ya ushindi uliza kama klabu iliitoa moja kwa moja au iliazima tu.

Nondo. Hapa sina huruma nawe hata kidogo, kwa kuwa shali ya mama mkwe haina duka la kuinunua tena. Kinachokula sufu si nondo anayeruka bali viwavi wake, nao hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili kuliko iliyo safi, na nguo za kale za michezo ni karamu yao. Kila nguo unayonunua isiingie chumbani kwenu kabla ya kupitia friza. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ondoa hewa, ufunge kwa utepe wa gundi, uiache katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili, kisha uitoe na uiache siku nzima bila kuufungua mfuko ili unyevu ugande nje ya plastiki, si juu ya mahameli. Baada ya hapo ipitishe kifyonza vumbi chenye nguvu ndogo, huku mdomo wake umefunikwa kwa chandarua laini, hasa chini ya ukosi na ndani ya mikunjo. Achana na vidonge vya naftalini. Harufu yake haitoki, na si kitu cha kuvutwa na watoto. Sweta la Fair Isle usilitundike kamwe, litajivuta kwa uzito wake mwenyewe. Lilaze ndani ya sanduku lenye karatasi isiyo na asidi, ukiweka karatasi iliyokunjwa kila panapopinda. Makoti yakae kwenye vining'inizo vinene vilivyofunikwa pamba, chini ya shuka safi. Na kama siku moja mtarudi Pwani nayo, adui mkubwa atakuwa kuvu, basi chumba kikavu chenye hewa mkiwazie tangu sasa katika ramani ya nyumba.

Swali la kulifua na kulivaa nalijibu kwa neno moja: hapana. Maji yatachuja nyekundu kwenye bitana nyeupe, mahameli itavunjika manyoya yake, na sufu iliyoshonwa pamoja na pamba itarudi kwa kipimo tofauti na ya mwenzake, hata koti likajikunja lenyewe. Na mchezo wa gofu ni mzunguko wa mabega. Mshono wa kwapa wenye umri wa miaka 130 hautastahimili hata shimo la tatu. Kwa mashindano ya hikori mwombe fundi wa hapo Dundee akushonee koti jipya kwa mfano wa la Norfolk ulilo nalo, ambalo lenyewe lilibuniwa na mikunjo yake ili mtu ainue mikono. Kaptura zako pana unaweza kuzivaa kama kitambaa bado kina nguvu. Zipime kutoka chini ya goti: zile zinazoshuka inchi 4 ndizo za mtindo wa miaka ya 1920, ambao Mwanamfalme wa Wales wa wakati huo aliusambaza, kama alivyolisambaza sweta la Fair Isle alipokuwa nahodha wa klabu ya St Andrews mwaka 1922.

Naomba niweke neno la pembeni kwa mama watoto. Wakusanyaji wengi ni wanaume na wengi hufuata makoti, hivyo mavazi ya wanawake hupita minadani bila kutazamwa. Wanawake wa Uingereza walianza mashindano yao ya ubingwa mwaka 1893 wakiwa na sketi ndefu hadi vifundoni, na siku za upepo walijifunga mkanda wa mpira kuzunguka sketi usawa wa magoti ili waone mpira. Miaka 40 baadaye, mwaka 1933, Gloria Minoprio akatokea kwenye mashindano ya ubingwa wa wanawake wa Uingereza akiwa na suruali ya rangi iliyokolea na fimbo moja tu, na wakubwa wa chama wakachukizwa. Ukiona sketi nzito ya twidi yenye kitufe cha kuipandishia pindo, ishike wewe kwanza.

Sasa kaka mkubwa. Msalimie, na usibishane naye, kwa sababu anasema jambo la kweli nusu. Rudi kwenye mchoro ule wa Blackheath: nyuma ya Innes amesimama mtu wa pili, mzee aliyekuwa baharia, amevaa sare ya buluu ya hospitali ya mabaharia wastaafu ya Greenwich, fimbo kwapani na chupa imechungulia mfukoni. Nahodha tunalijua jina lake, kedi hatulijui. Nguo za wabeba mikoba karibu zote zimepotea, huku Uingereza na huko kwetu, kwa sababu zilivaliwa hadi zikaisha, na hakuna aliyeweka kabati kwa ajili yake. Kilichobaki mara nyingi ni beji za shaba zenye nambari ambazo klabu ziliwapa makedi wavae kifuani au mkononi, nazo zinakusanywa. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianza mwaka 1906 na ya Mombasa mwaka 1911, wakati makoti mekundu yalikuwa tayari yanaondoka kwenye matumizi ya kila siku hata Uingereza, kwa hiyo huenda waliotembea mbele ya babu yako walikuwa na mashati meupe na kofia za jua kuliko mahameli ya buluu. Mwombe kaka afungue masanduku ya bibi. Kama kuna beji, picha, au hata fulana aliyopewa babu kazini, vifanyieni yale yale ya friza na karatasi niliyoeleza, na vikae katika mkusanyiko wako kabla ya koti la nahodha yeyote. Mwulize pia ni nani katika ukoo anayekumbuka babu alivaa nini uwanjani, na yaandikwe akiwa bado yupo wa kuyasema.

Kwa muuzaji, andika leo. Omba picha nne: mgongo wa vifungo vyote sita, mshono wa kwapa ukiwa na rula, koti zima kwa nyuma, na ile alama ya lebo kwa karibu. Zikifika, nitumie kabla hujakata tikiti ya treni.